Baba, Roboti Imesimama

Baba,

Goti la kushoto limeacha kucheza. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeniuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza habari za Mama. Nilikata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, nikakizungusha kwenye kijiti cha goti, nikarudisha kifuniko. Sasa roboti inasimama kwa mguu mmoja juu ya meza, na mlango ukibamizwa haianguki.

Nimejaribu kukuandikia mara nyingi, na kila mara hasira inanishika mkono. Watu wanasema marehemu huambiwa maneno matamu. Mimi sina matamu. Nitakuambia mambo yalivyo, kama ulivyonifundisha kusahihisha mchoro: makosa kwanza, sifa baadaye kama zimebaki.

Unakumbuka siku uliyoileta? Askari walikuwa wametoka kupora, na soko la karibu na Base, kambi ya jeshi, lilijaa vitu ambavyo hata waliokuwa wakiviuza hawakuvijua majina. Wewe ulikuwa mwalimu wa michoro ya ufundi katika shule ya reli, lakini shule ilikuwa imefungwa, na ulikuwa ukizunguka sokoni ili tu usikae nyumbani ukiangalia ukuta. Mke wa askari mmoja, mama kutoka mkoa wa Équateur, alikuwa amekalia sanduku la karatasi ngumu, pana kama meza ya darasani. Juu yake kulichorwa jitu la chuma limesimama katikati ya mji unaoungua. Alikuambia: "Papa, hii iko mashini ya ba-Japonais. Ukiifunga muzuri, itatembea."

Ulijua haitatembea. Ulifungua kifuniko, ukaona vipande vya roboti vimening'inia kwenye vijiti vyake vya plastiki, kila kimoja na namba yake, na ukavua koti lako la abacost, lile vazi ambalo serikali ilituvalisha miaka yote, palepale sokoni ukampa yule mama. Ulirudi nyumbani na shati tu, sanduku kichwani. Mama alidhani na wewe umeporwa.

"Minyi naongojea unga, weye unaniletea muntu wa plastiki?" alisema. "Na abacost yako iko wapi?"

"Abacost gani tena?" ulimjibu. "Inchi yenyewe imeivua."

Alikaa bila kukusemesha mpaka Jumapili. Mimi nilicheka, Baba. Nilikuwa nimeshapata diploma yangu ya Serikali ya kumaliza sekondari na sikuwa na kazi, na nyumba yetu haikuwa na kicheko kwa muda mrefu.

Tuliijenga barazani, mchana, kwa mwanga wa jua. Gundi iliyokuwa ndani ya sanduku ilikuwa imekauka, ukaenda karakana ya mabehewa kuomba dawa ya kuyeyushia rangi, ukakatakata vile vijiti vilivyobaki, ukaviloweka kwenye chupa mpaka vikawa uji mzito. Hiyo ikawa gundi yetu. Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kijapani mwanzo hadi mwisho. "Herufi zao hatuzijui," ulisema, "lakini mshale ni mshale." Tukafuata mishale. Wewe ulikata kwa wembe, mimi nikalainisha kwa msasa, na kila kipande ulikipokea mkononi ukakipima kama mtihani wa taifa. Ulipitisha ukucha juu ya mshono. Ukucha ukikwama, unanirudishia. "Saba juu ya makumi mbili. Rudia." Nilikuchukia siku nyingine. Bega moja nililirudia mpaka ngozi ya vidole ikanyofoka, na uliponipa kumi na mbili nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa furaha, ukafikiri nalia kwa hasira.

Mkono wa kulia haukuwa na kiganja. Aliyepora sanduku lazima alikiangusha njiani. Ulichonga kingine kwa mti, vidole vitano, na kidole gumba ukakifanya kikubwa kidogo kama chako. Macho pia yalikosekana. Uliyatengeneza kwa kioo chekundu cha nyuma ya baiskeli, kile kinachong'aa taa ikikipiga. Ulipoyabandika roboti ikawa na uso. Kutoka nyayo mpaka pembe za kichwa ilikuwa ndefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole, na ilitutazama kama mtu tuliyemwamsha kabla hajashiba usingizi.

Na Mjomba Banza alikuwepo. Hilo nataka liandikwe. Kaka mkubwa wa Mama, karani wa stesheni, alikuja kila Jumapili akitoka ibadani. Alikula bukari yetu, ugali wa hapa, na samaki wa ziwa Kisale, akafuta vidole, akaja barazani kushika miguu ya roboti wakati gundi inakauka. Alikaa hapo muda mrefu bila kutikisika, ulimi umetoka kidogo kama mtoto. Aliuliza kila kipande kinafanya kazi gani. Alikunja mkono wake, akaukunjua, akaukunja tena. "Shemeji, hii kazi, minyi naipa kumi na tisa," alisema. Nawe ulimjibu: "Usimuharibie mutoto. Iko kumi na mbili." Mkacheka wote wawili. Nilidhani hiyo ndiyo familia.

Halafu redio ikaanza kutuita sisi Wakasai *bilulu*. Wadudu. Sisi ambao babu alikuja kutoka Kasai kutandika reli hii wanayosafiria, wewe uliyezaliwa hapa Kamina kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, uliyewafundisha watoto wao kushika kompasi. Ulisema ni maneno ya wakubwa wa Lubumbashi, yatapita. Hukuwa mjinga. Ulikuwa na adabu tu, na adabu yako iliwasadiki majirani.

Majirani waliacha kusalimia mmoja baada ya mwingine. Kisha mtoto wa nyumba ya tatu akafa kwa homa, na mama mmoja wa maombi akasema aliona kwa macho yake, kupitia dirisha letu, sanamu ya Mkasai yenye macho ya damu. Jua la jioni lilikuwa limepiga kile kioo cha baiskeli. Kesho yake kisimani walisema inakunywa watoto. Keshokutwa walisema uliitengeneza kwa mifupa.

Mama alikuomba uifiche. Ulikataa. "Nikiificha, njo watasema kweli iko uchawi." Uliiweka mezani, mlango wazi, ili kila mtu aingie aione. Hakuna aliyeingia, Baba. Hakuna hata mmoja. Mpaka siku walipoingia wote.

Walikuja asubuhi, vijana wa chama cha wale wakubwa na fimbo zao, na wawili kati yao walikuwa wanafunzi wako. Hawakukutazama usoni. Uliwaonyesha roboti kwa upole, ukawafungulia kifua chake waone kuwa ndani ni tupu. Ukawatolea karatasi ya maelezo. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Mkubwa wao aliishika, akazigeuza zile herufi za Kijapani juu chini, akapiga kelele: "Muone! Maandiko ya bulozi!"

Mjomba alikuwa nao. Sikujua kama alikuja nao au walimwita; hata sasa sijui, na sitamuuliza. Alisimama kwenye ngazi za baraza, pale pale alipokuwa akishikia miguu. Yule kijana akamuuliza kwa heshima, kwa sababu Mjomba alikuwa mtu wao: "Mzee Banza, weye uko ndugu ya mwanamuke wa hapa. Hii kintu njo nini?"

Nilimtazama. Mama alimtazama. Wewe ulitabasamu, Baba, nakumbuka, ulitabasamu kwa sababu ulidhani sasa jambo limekwisha. Huyu anaijua kipande kwa kipande.

"Minyi siyue," alisema. "Sijaigusa hata siku moja."

Basi hivyo. Alitoka kumi na tisa akafika hapo.

Walikupa muda wa kufunga sanduku moja la nguo, uende Kasai ambako hukuzaliwa. Sisi tubaki, walisema, kwa sababu Mama ni mtu wa hapa na sisi ni watoto wa Mjomba. Tangu zamani kwa Waluba, wa Kasai na wa hapa, mtoto ni wa baba yake. Asubuhi ile mila iligeuzwa kama shati na hakuna mzee aliyefungua kinywa. Mmoja wao alichukua roboti akaitupa uani. Ilipiga ukingo wa jiwe la kufulia, mkono ukang'oka begani, kichwa kikaviringika hadi kwenye majani. Wewe ulikuwa umeshafika kwenye njia, sanduku mkononi. Uligeuka. Nilifikiri utasema neno la kuaga, la kubarikia. Ulisema: "Okota vipande vyote. Angalia na chini ya jiwe."

Niliokota, Baba. Niliangalia na chini ya jiwe.

Mengine uliyaona mwenyewe, lakini sijui kama uliyaona kama mimi. Mliwekwa stesheni, familia kwa familia, kati ya reli, chini ya turubai na mashuka, mkingoja treni ambayo kila siku ilikuwa ya kesho. Mvua ikawakuta hapo. Mama alileta chakula akiwa amejifunika uso ili ndugu zake wasimtambue njiani. Mara ya mwisho nilipokuja mimi ulikuwa umekonda, macho makubwa, na ulikwenda nyuma ya behewa mara kwa mara na kurudi ukishika ukuta. Uliniuliza kama kipande cha bega nimekipata. Nikasema nimekipata. "Usibandike haraka," ulisema. "Acha moyo utulie kwanza." Treni ilipokuja, ya mabehewa ya mizigo yasiyo na paa, Mama alipanda. Mjomba alimshusha kwa nguvu akimshika kiuno, yeye akipiga kelele jina lako, na watu wa stesheni walitazama pembeni.

Dereva mmoja wa treni ndiye aliyetuletea habari. Alisema ulikata roho kabla ya kufika Luputa, upande wa Kasai, na kwamba walikuzika kando ya reli pamoja na wengine, treni iliposimama kungoja nyingine ipite. Alisema palikuwa na miti miwili na kibao cha kilomita ambacho hakukisoma. Ulikufa kwa kuhara, Baba. Kwa kukosa maji safi yenye chumvi kidogo na sukari. Sijapata neno la kufunika jambo hilo, na mchungaji aliyejaribu kunipa moja nilimwacha akiongea na kiti.

Nyumba yetu ilikuwa ya shule, wakampa mwalimu mwingine. Tulihamia uani kwa Mjomba, Mama, mimi na wadogo zangu, kwenye chumba alichokuwa akiwekea mahindi. Alitupokea kwa machozi. Alichinja kuku. Kila siku alituita kula naye, na Mama alikwenda, na mimi nilisema tumbo linaniuma.

Moyo haukutulia, lakini nilibandika hata hivyo. Sasa sikiliza tathmini yangu, na usinikatize.

Mkono ulioanguka umerudi, lakini bega lina ufa unaoonekana. Nimeujaza kwa uji wa plastiki na kusugua, ukucha bado unakwama kidogo. Pembe moja ya kichwa haikupatikana. Sikuchonga nyingine, nimeiacha hivyo, yeyote atakayetazama aone kuwa kuna kilichovunjwa. Rangi ya kijivu uliyoomba karakana ilishika vizuri kifuani, mapajani imetiririka, na hilo ni kosa lako, ulikuwa na haraka. Uzito bado uko nyuma kwa sababu ya ule mzigo wa plastiki inaoubeba mgongoni. Nimetia kokoto ndani ya nyayo. Kiganja cha mti ndicho kazi bora kuliko zote zilizotoka kiwandani. Jumla naipa kumi na tatu. Ungesema kumi na moja. Tubaki tumebishana.

Nilipomaliza, Mjomba aliingia chumbani bila kubisha, akaitazama muda mrefu. Kesho yake niliikuta sebuleni kwake, juu ya kabati la vyombo, na kitambaa kilichofumwa chini yake. Mama alinishika mkono: "Acha. Tunakaa kwake." Niliacha. Wageni wakaanza kuja kuitazama, wale wale waliopita mlango wetu bila kusalimia. Yule mama wa maombi alikuja. Aliligusa goti kwa kidole akasema kumbe iko muzuri, iko kama ya muzungu. Nilimwekea kiti.

Halafu akaja komanda mmoja kutoka Base, Mjomba alikuwa na shida naye ya mambo ya stesheni. Mwanajeshi yule alisahau bia yake kwa kuitazama roboti. Aliuliza nani ameifanya.

"Ni sisi, komanda," Mjomba akasema. "Ni mutoto wangu huyu. Akili ya bantu ya hapa. Minyi mwenyewe nilishika miguu yake wakati gundi inakauka."

Sasa alikumbuka miguu.

Nilikuwa nimebeba sinia ya glasi. Niliiweka chini polepole, sikutaka kuvunja kitu chochote katika nyumba ile. Nikasema: "Komanda, roboti hii aliijenga baba yangu, Mwalimu Tshimanga. Alikuwa Mkasai. Siku walipokuja kumutoa, huyu mzee alisema haijui, hakuigusa hata siku moja. Baba alikufa njiani. Leo anaijua."

Komanda alitazama glasi yake. Mjomba alicheka kicheko kimoja kikavu, akasema mtoto bado ana majonzi. Mama alikuwa mlangoni, na hakuniambia niache.

Usifikiri alinifukuza. Ingekuwa rahisi zaidi kama angenifukuza. Alikuja uani baada ya siku chache, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaongea kwa sauti ya chini. Shule ya reli inafunguliwa, wanatafuta mwalimu wa michoro, ameshaongea na mkurugenzi, nafasi ni yangu. Lakini jina la Kikasai linafunga mlango. "Andika Banza tu," aliniambia. "Ni jina la mama yako. Jina njo karatasi, mutoto yangu. Baba yako mwenyewe angependa upate kula."

Alikuwa anamaanisha wema, Baba. Ndicho kinachonichoma. Amesahau kweli, au amejifunza kusahau vizuri kiasi kwamba hakuna tofauti. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, mikono ya mzee, na kwa kitambo kidogo nilimhurumia. Kisha nikamwambia hapana.

Niliingia sebuleni kwake, nikaitoa roboti juu ya kabati. Alisema roboti ibaki, watu wameshaizoea. Niliiweka kichwani imesimama, nikaishika mguu kwa mkono mmoja, nikatoka saa ya soko, kwenye barabara kuu, jua likiwa kali. Nilipita mbele ya nyumba ya tatu. Nilipita mbele ya kisima. Macho yake yalikuwa yanawaka mekundu na nilijua. Watu walitoka milangoni, na hakuna aliyesema uchawi. Mtoto mmoja alinikimbilia akauliza kama inatembea. Nikamwambia inabebwa.

Mama hakuja siku ile. Alikuja siku nyingine asubuhi, sufuria kichwani, wadogo nyuma yake, akaiweka chini kwenye chumba nilichopata kwa fundi seremala mmoja karibu na njia ya Kabongo. Aliuliza moto unawashwa wapi.

Ninawafundisha michoro wanafunzi wa yule seremala, chini ya bati, kwa makaa kwenye ubao. Ni wavivu. Wananiogopa. Mjomba hutuma unga kupitia kwa watoto wake, na Mama huupokea, na mimi hula, kwa sababu njaa haina aibu. Lakini mkono wake sijaushika tena. Watu wa kanisa wanasema chuki itanila. Labda. Waje kwanza waniambie ni wangapi kati yao waliokula naye Jumapili ile baada ya treni kuondoka.

Sitakuambia ulale kwa amani. Sijui kama kando ya reli mtu hulala. Nakuahidi hili tu. Kiangazi, njia zikikauka, mimi na Mama tutapanda treni ya kwenda Luputa, tutashuka na kurudi kwa miguu kando ya reli, tukitafuta miti miwili, na tusipoipata tutachagua mingine miwili na kukulilia hapo. Na kazi ile, wakiitangaza tena, nitaiomba kwa jina lako. Wakinikatalia nitaomba mwaka unaofuata. Kila karatasi watakayoipokea kutoka kwangu, katika ofisi yoyote ya mji huu, watasoma chini yake hivi hivi, herufi zote, mpaka macho yao yazoee:

NTUMBA TSHIMANGA
binti yako